Kilo Tatu za Onyancha

Mimi ndiye mzee pekee Boito nzima ambaye nguruwe wake amewahi kutoa ushahidi mbele ya wazee wa makanisa mawili, naibu wa chifu na mwalimu mkuu wa shule.

Alitoa bila kuapishwa. Na hakuna aliyempinga.

Najua mmeshaanza kucheka. Chekeni tu, meno hayalipiwi ushuru.

Mke wangu amenikataza kusimulia haya tangu mwaka wa tisini na sita. Leo nayaandika kwa simu, na yeye yuko pale ndani anatafuta miwani yake. Msiniulize miwani iko wapi.

Naitwa Gibson. Nilichochea boila ya kiwanda cha chai miaka ishirini na sita, halafu wakanistaafisha na saa ya ukutani. Saa yenyewe ilisimama kabla sijafika nyumbani.

Sasa, mtu aliyezoea kulisha moto mchana kutwa hawezi kukaa tu akitazama chai ikimea. Lazima atafute kitu kingine chenye mdomo.

Hapo ndipo Kiarie alipoingia.

Kiarie alikuwa mfanyabiashara wa Kapsoit, watu wake walihamia huku kutoka Murang'a zamani sana. Aliuza mbegu, dawa ya kupe, na maneno. Maneno ndiyo yaliyokuwa yanamlipa zaidi.

Jumanne moja akaja na pikapu yake. Nyuma kulikuwa na nguruwe wawili wa kike, wote wana mimba.

Ngoja niwaambie kitu kuhusu kwetu. Kwetu mali ni ng'ombe. Mtu akisema ana mifugo, anamaanisha ng'ombe. Mbuzi anatajwa kwa sauti ya chini. Nguruwe hatajwi kabisa, na zaidi wakati huo.

Kiarie hakujali. Akaniambia bucha zote za hapa zimekataa kuning'iniza nguruwe kando ya ng'ombe, kwa hivyo dawa ni kuuzia watu nyumbani. Mteja anakuja, anachagua kipande chake, anaenda. Hakuna bucha, hakuna dalali.

"Lakini atiriri, sikia, mzee Gibson," akasema, "chakula yako haitoshi aina mbili. Jaribu zote. Ikifika Desemba unabaki na moja, ile ingine narudisha."

Wa kwanza alikuwa Landrace, mweupe wa pinki, mrefu kama benchi ya kanisa. Kiarie alimsifu mpaka mate yakaruka. Anazaa watoto kumi na wawili, miezi sita wamefika kisu, nyama haina mafuta, ndiyo mtindo wa mjini.

Wa pili alikuwa mweusi ti. Ni aina ya zamani ambayo walowezi walikuwa wanafuga, na Kiarie alimtoa kwa mzungu mmoja mzee wa Molo aliyekuwa anafunga virago. Masikio yake yalikuwa kama majani ya nduma, yameanguka mbele yakafunika macho yote mawili. Alikuwa anaona ardhi tu.

"Huyu watoto ni wanane, anakua polepole, na mafuta iko mingi," Kiarie akasema. "Mzungu alimpenda, lakini huyo mzungu alikuwa anapenda punda pia."

Yule mweusi akashuka kwenye pikapu mwenyewe, akaninusa gumboot, akakoroma kidogo kama mtu anayeitikia salamu.

Nikamalizika. Nilimpenda hapo hapo.

Rodah, mke wangu, akatoka jikoni. Wakati huo alikuwa mwenyekiti wa kina mama kanisani, na alitembea kama mwenyekiti hata akienda kuteka maji.

"Baba Nelvine, hiyo ni nini?"

"Ni mifugo."

"Mifugo iko na pembe."

Akazunguka pikapu mara moja. Akatoa hukumu. Mpaka Desemba, nisizidishe siku. Kama kufikia hapo sitajua kwa uhakika ni aina gani inayoleta wateja, zote ziende na mahali pa banda papandwe nepia, majani ya ng'ombe. Na kama lazima moja ibaki, ibaki nyeupe, kwa sababu angalau nyeupe inafanana na kitu kilichooga. Yeye mwenyewe mguu wake hautakanyaga huko chini bandani, na nisimletee harufu kitandani.

Kwa hivyo mjue hali yangu. Mdomo wa Rodah ulisema mweupe. Mdomo wa Kiarie ulisema mweupe. Moyo wangu ulisema mweusi, lakini moyo wa mzee aliyestaafu hauna kura.

Nikawapa majina ya ng'ombe. Mweusi nikamwita Cheptui, mweupe nikamwita Chelel. Rodah alikaa siku mbili bila kunisemesha kwa sababu ya hayo majina. Zilikuwa siku mbili nzuri.

Wakazaa. Wakakua. Mambo yakaanza kujionyesha.

Chelel aliungua na jua. Nyinyi wa mjini mnafikiri huku ni baridi tu. Jua la huku likitoka kati ya mawingu mawili linachoma kama pasi. Mgongo wake ukawa mwekundu, ukaanza kubambuka. Ikabidi nimpake yale mafuta ya kukamulia ng'ombe, asubuhi na mchana, nyuma ya masikio pia. Bado akalia. Nikamfunga kichwani kitambaa kizee cha Rodah cha kanisani.

Nikasema kwa sauti kwamba sasa amefanana na mweka hazina wa kina mama. Nikaombwa nisirudie.

Cheptui na watoto wake hawakujua jua ni nini. Nilikuwa nawafungulia wanapita kati ya mistari ya chai wakifukua magugu na mizizi. Chai yenyewe hawakugusa. Siku moja nilimwona Cheptui ameshika tawi mdomoni, akalinusa, akakuta ni majani mawili na chipukizi, akaliachilia taratibu. Alijua hilo ni la kiwanda.

Asiyeamini aje nimwonyeshe hiyo chai. Bado iko.

Sasa nimlete Onyancha.

Onyancha alikuwa mfanyakazi wangu, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, Mkisii, mtulivu, mikono miwili kwenye chai kama cherehani. Nyumba nyingi za hapo zilimwita siku za kuchuma. Lakini nguruwe walipofika alikuja akasimama mbele yangu, kofia mkononi.

"Mzee, ng'ombe nitakamua. Chai nitachuma. Hao siwagusi."

Onyancha alikuwa Msabato. Mnajua Msabato na nguruwe. Alikuwa anazunguka banda kwa mbali, hata upepo ukitoka huko anabadilisha upande. Nilimheshimu kwa hilo. Nikalisha mwenyewe.

Mimi nililijua hilo. Shikeni hapo.

Ijumaa ya kwanza tulichinja wawili, mtoto wa Chelel na mtoto wa Cheptui. Daktari wa mifugo akakagua, akapiga muhuri. Nikaning'iniza nyama kwenye stoo ya mahindi, nyeupe kushoto, nyeusi kulia. Nikangoja.

Mpaka saa nane hakuja mtu. Saa tisa mvua ikaanza, ile yetu ya kila siku.

Na mvua ikamleta Mchungaji Kipruto.

Alikuja na koti la mvua mpaka magotini, na ndoo ya maganda ya viazi. Akasema ameona vibaya maganda yaharibike wakati jirani ana wanyama. Akashuka mpaka bandani, akamwaga maganda. Akarudi. Akaangalia mvua. Akaangalia stoo.

"Gibson, kuna huyu Onyancha wako. Alinichumia chai wiki iliyopita nikakosa cha kumshukuru. Nipimie kilo tatu hivi. Ni za Onyancha."

Nikamwangalia. Akaangalia muhuri wa daktari.

Nikapima.

Hajafika barabarani, naibu wa chifu akaingia. Anaitwa Kiplangat, na alikuwa na kifimbo chake cha serikali kwapani na ndoo ya maganda mkononi. Akalisha nguruwe, akarudi, akaomba kilo tatu. Za Onyancha.

Halafu Madam Sally, mwalimu mkuu, na maganda ya jikoni ya shule. Kilo tatu. Za Onyancha, maskini, mtu wa mbali, hana mke wa kumpikia.

Halafu Priscillah, dada yake Kiarie, mwenye duka pale senta. Huyo sikumwelewa, maana watu wake wanakula nguruwe mchana kweupe. Lakini naye akasema kilo tatu, ni za Onyancha, akacheka kidogo.

Kufikia jioni walikuwa saba. Wale watatu wengine sitawataja, bado wako hai na wana simu kama mimi. Ndoo zote zilikuja na maganda juu, zikarudi na sukuma wiki juu. Chini ya sukuma kulikuwa na mambo.

Mtaniuliza, hawakujua Wasabato hawali nguruwe? Ndugu zangu, kijijini kwetu Msabato alikuwa huyo mmoja. Walichojua ni kwamba Jumamosi hafanyi kazi. Walidhani anapumzika kwa shibe.

Mimi nilijua. Lakini boila ilinifundisha, moto ukiwaka vizuri usifungue mlango.

Sasa biashara ikashika, ila shida yangu ikabaki pale pale. Nichague ipi? Nikaanza kuuliza wateja.

Mchungaji akasema Onyancha anapenda nyeupe, ni nyama ya heshima. Naibu wa chifu akasema Onyancha anapenda nyeupe, lakini mapaja. Madam Sally akasema Onyancha ameshauriwa apunguze mafuta. Wote saba mdomo wao ulikuwa mweupe. Halafu kila mmoja akinyanyua ndoo anageuka, anasema kama aliyesahau kitu: niongezee na kipande cha ile nyeusi, cha mbwa.

Cha mbwa. Chenye mafuta. Mbavu, kama ipo.

Nilikuwa na Onyancha saba na mbwa saba, na hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuniambia ukweli.

Nyumbani nako mambo hayakuwa sawa. Kibuyu cha mursik kilianza kupungua. Rodah alikuwa anagandisha maziwa kwenye kibuyu na mkaa kama mama yake alivyomfundisha, na kila tukifungua, nusu hakuna. Nililaumiwa mimi. Nikaapa. Nikaambiwa mzee anayeapa juu ya maziwa amezeeka vibaya.

Na kila Ijumaa Rodah alikuwa na kamati ya kina mama pale dukani kwa Priscillah. Akirudi hataki chakula. Anasema kamati imemchosha.

Mimi huyo, mtu wa akili nyingi, sikuunganisha chochote.

Novemba ikafika. Na Novemba ikamleta Mzee Osoro.

Osoro alikuwa mzee wa kanisa la Sabato upande wa Ndanai, fundi wa mbao, mrefu, mkavu, anaongea kama anayepima ubao kabla ya kukata. Alikuwa na binti anaitwa Jerusa. Onyancha na Jerusa walikuwa wamekubaliana, na kabla mzee hajatoa neno lake, alifanya kile baba yeyote mwenye akili hufanya. Alikuja kijijini kwetu bila kusema ni nani, akapita nyumba kwa nyumba akiuliza tabia ya kijana.

Mnaona inapoelekea.

Kwa mchungaji aliuliza, unamjua Onyancha? Mchungaji, hajui anaongea na nani, na mke wake amesimama nyuma anasikiliza, afanye nini? Akasema ndiyo, kijana mzuri, ila anapenda nguruwe. Kilo tatu kila Ijumaa.

Kwa naibu wa chifu, kilo tatu. Kwa Madam Sally, kilo tatu. Nyumba saba, na zote saba zilikuwa zimeshasema hivyo mbele ya watu wao. Hakuna aliyeweza kurudi nyuma.

Osoro akajumlisha. Akaja kwangu Jumamosi jioni akitoka ibadani, akakataa kiti.

"Kilo ishirini na moja kwa wiki," akasema. "Nimekuja kujua binti yangu anaolewa na mtu ama anaolewa na simba."

Akasema kesho yake, saa nane, hapo kwangu, wote waliosema waje waseme mbele ya Onyancha. Na mimi niliyeuza nitasema mwisho. Nikisema ni kweli, uchumba umekwisha na jina la Onyancha litafutwa kanisani.

Jumapili asubuhi mchungaji alinishika mkono mlangoni mwa kanisa. Akaniuliza polepole, nikifungua mdomo nitamuuzia nani tena? Nikapiga hesabu. Wale saba wakiaibika, Ijumaa hawatarudi. Wasiporudi, Desemba nepia inapandwa. Cheptui anapanda pikapu.

Nikafika nyumbani nikamkuta Onyancha amekaa kwenye jiwe la kunolea, amevaa suti ya kuazima. Mikono ya suti ilimwishia karibu na viwiko.

"Mzee," akasema, "mimi nimewahi kula nguruwe yako?"

"Hapana."

"Basi leo utasema hivyo."

Hakuniuliza. Aliniambia.

Saa nane veranda ilijaa. Osoro kwenye kiti kikubwa. Mchungaji Kipruto, ati amekuja kufungua kwa maombi. Kiplangat, ati amekuja kulinda amani. Madam Sally, ati ataandika. Wale wengine wamebanana kwenye benchi kama kuku wa soko. Onyancha amesimama peke yake mwisho, kofia mkononi. Rodah jikoni, anachemsha chai.

Wakaongea mmoja mmoja, macho chini. Kilo tatu. Kilo tatu. Kilo tatu. Onyancha hakulia wala hakubisha. Alikuwa anageuza kofia tu.

Zamu yangu ikafika. Nikasimama, nikakohoa.

"Kwanza kabisa napenda kuwashukuru wageni wetu," nikaanza, maana mtu wa kwetu akitaka kununua muda huanza na shukrani. Nikamshukuru Osoro. Nikamshukuru naibu wa chifu. Nilikuwa karibu kuishukuru serikali, mbingu ikaniokoa.

Mvua ya mawe.

Sisi watu wa huku tunajua mvua ya mawe kama nyinyi mnavyojua mafua. Lakini ile ya siku hiyo ilikuja na mawe kama viazi vya mbegu. Mabati yakalia mpaka tukasomana midomo. Hakuna mtu angeweza kutoka kwenye hiyo veranda hata kwa bunduki.

Huko chini nikaona bati la banda limeruka kama karatasi. Chelel akajibanza kwenye kona, kitambaa kichwani, akapiga kelele za mwisho wa dunia.

Cheptui hakupiga kelele. Alitoka, akapanda kati ya mistari ya chai, masikio yamefunika macho, pua mbele. Akapanda ngazi za veranda moja, mbili, tatu. Akajikung'uta, akatulowesha wote.

Halafu akaanza kusalimia.

Alianza na mchungaji. Akaenda moja kwa moja kwenye mfuko wa kulia wa koti, akaingiza pua, akatoa nusu ya kiazi kitamu cha kuchoma. Akakila pale pale.

"Huyu mnyama amenifananisha," mchungaji akasema.

"Na nani?" Osoro akauliza.

Mchungaji akakumbuka kuangalia mvua.

Cheptui akasogea kwa Kiplangat. Akamgeuzia mgongo, akasimama akingoja. Naibu wa chifu alikuwa anatazama mbele kama yuko kwenye gwaride, lakini kifimbo kikateremka chenyewe, kikaanza kumkuna pale juu ya mkia. Mkono wa serikali ulikuwa umezoea.

Akafika kwa Madam Sally, akashika mshipi wa mkoba wake kwa meno, akavuta.

"Cheptui, wacha," Madam Sally akasema.

Osoro akageuza shingo taratibu. "Mwalimu. Unamjua kwa jina?"

Kalamu ikaanguka.

Akapita benchi yote. Kila mtu alikuwa na salamu yake. Mmoja alipapaswa goti. Mwingine, na huyu ananisoma sasa hivi, alifunguliwa kamba za viatu.

Kisha akafika mwisho, kwa Onyancha.

Onyancha alikuwa tayari amepanda juu ya benchi na suti yake ya kuazima. Cheptui akanusa ncha ya kiatu. Akasimama. Akanusa tena. Manyoya ya shingo yakasimama, akakoroma kwa ukali, akarudi nyuma hatua tatu kama aliyekutana na mgeni gizani.

Mawe yakaanza kupungua. Sasa tungeweza kusikiana, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

Osoro akaniangalia mimi. Nikaona hata shukrani zimeniishia.

Nikasema. Nikamwambia huyu nguruwe ana masikio yaliyofunika macho, hajui sura ya mtu. Anajua mkono uliomlisha. Kila aliyekuja kwangu kununua alipitia bandani na ndoo, Ijumaa baada ya Ijumaa. Onyancha yuko hapa kila siku na nguruwe hamjui.

"Onyancha hajala nyama yangu hata robo," nikasema. "Ni jina lake ndilo limekula. Na mimi nilijua, nikapima."

Osoro akainamisha uso. Nilidhani anapanga kunifikisha kwa polisi. Mabega yakaanza kumtikisika. Mzee alikuwa anacheka, kicheko cha bila sauti, machozi yanafuata mikunjo ya uso.

Akasimama, akamshusha Onyancha kwenye benchi kwa mkono wake mwenyewe. "Mwanangu," akamwambia, "mashahidi saba wamesema uongo, na aliyesema ukweli ni huyo ambaye mimi na wewe haturuhusiwi hata kumgusa."

Hapo ningemaliza hadithi, na Rodah angenisamehe.

Lakini mlango wa jikoni ukafunguka. Rodah akatoka na birika la chai mkononi, anatembea ile ya mwenyekiti.

Cheptui akasikia hizo hatua.

Aliacha kila mtu. Alikimbia, nguruwe wa saizi ya meza, masikio yanapiga kama mbawa. Akafika mbele ya mke wangu, akajibwaga chini, akalala chali, miguu minne juu.

Na akafungua mdomo. Wazi kabisa. Akangoja, kama mtoto anayejua kijiko kinakuja.

Kwenye kidevu chake, hata mawe hayakuwa yamekisafisha, kulikuwa na alama ya kijivu. Maziwa na mkaa.

Nikakumbuka kibuyu.

Watu kumi walikuwa wanamtazama mwenyekiti wa kina mama, yeye ambaye mguu wake haujakanyaga bandani. Alisimama wima. Birika halikutikisika hata kidogo.

"Baba Nelvine," akasema, "hiyo nyeupe umrudishie Kiarie."

"Kwa nini, Mama Nelvine?"

"Nyama yake haina mafuta. Ni kama kutafuna karatasi."

"Na nani alikuambia?"

Rodah akaangalia mawe yaliyokuwa yanayeyuka kwenye nyasi. Akamimina kikombe cha kwanza, akampa mgeni wake Osoro, akamimina cha pili. Onyancha mwenyewe alikuwa amesimama pale, mkono umenyooka kupokea chai.

"Onyancha," akasema.

Basi Kiarie alikuja Jumanne akamchukua Chelel na watoto wake. Aliondoka na kitambaa kichwani, Rodah hakukidai. Kiarie alipita Kapsoit nzima akisema wazee wa Boito hawajui biashara. Baada ya mwaka alirudi akiniomba mbegu ya Cheptui.

Jerusa na Onyancha walioana Aprili. Sisi tulipeleka fahali, na wale saba ndio waliochanga. Hawakuulizwa mara mbili.

Na wateja? Ijumaa ile ile walirudi, mvua ilipoanza. Wote saba. Hakuna aliyetaja Onyancha tena. Sasa walisema nyama yote ni ya mbwa.

Kijiji chetu kilikuwa na mbwa wanne, na wote walikuwa wamekonda.

Nilifuga aina ya Cheptui miaka kumi na tatu baada ya hapo. Kwa hivyo wewe unayetaka kuanza, usichague mbegu kwa maneno ya mteja wala ya muuzaji. Mdomo wa mtu huchagua kile kinachopendeza mbele ya majirani. Nenda bandani uangalie ndoo zinamwagwa wapi. Na ukishajua ukweli, usimwache mtu mwingine aubebe kwa jina lake ili wewe uendelee kupima.

Ni hayo tu.

Ngojeni. Rodah amepata miwani. Nilikuwa nimeikalia.

Amesoma yote, tangu juu mpaka hapa. Sasa amesema kuna jambo moja nirekebishe, kama ninataka kuitwa mtu mkweli.

Zile kilo za kamati yao ya Ijumaa, pale dukani kwa Priscillah, hazikuwa tatu. Priscillah alirudi mara ya pili.

Zilikuwa nne.